Mtaro wa Barabara ya Kumi na Nane

Siku ya kwanza ulisema kichwa,
nikakununulia Panadol kwa Mangi.
Siku ya tisa ukasema macho:
"Hoza, nikikutazama unakuwa wawili."
Nikacheka. Nikasema bora,
mmoja aende kazini, mmoja abaki.
Nisamehe kicheko kile.

Siku ya kumi na nne mkono wa kulia
ukaangusha sindano juu ya gauni la watu,
ukaiangalia kama sindano ya jirani.
Dada yako akasema jini.
Mama akasema husuda, tangu cherehani mpya.
Mimi nilinyamaza.
Kadi zetu za kliniki ziko chini ya godoro,
miaka sita tunameza saa tatu usiku
taa imezimwa.

Bombo walidhani ni fangasi wa ubongo,
wakavuta maji ya mgongo: safi.
Wakakupitisha kwenye mashine.
Daktari Mntambo akageuza karatasi ya vipimo, akachora.
"Damu inapanda kichwani, haina pa kushukia.
Mshipa wa kuirudisha umeziba.
Mwenye virusi, damu yake huweza kuganda
hata pasipo jeraha."

Pa kushukia. Umeziba.
Daktari, hayo maneno ni ya kwangu.
Miaka kumi na moja nazibua mitaro ya Ngamiani,
nayajua maji ya vuli yakikosa njia
yanavyorudi nyuma, yakapanda vizingiti,
yakaingia kwa watu waliolala.
Hayana hasira, yale maji.
Hayakutumwa na mtu.
Yanatafuta bahari tu.

Nikamuuliza kama fundi kwa fundi:
wewe unatumia koleo gani?
Sindano ya tumboni, akasema, asubuhi na jioni.
"Nayo haizibui. Inazuia bonge lisikue.
Kuzibua atazibua mwenyewe, polepole."

Kaka yako Semkiwa alikuwa mlangoni.
Neno "virusi" alilisikia.
Nikayangoja matusi, nikahesabu vigae vya sakafu,
nikafika thelathini na moja.
Akauliza: "Hiyo sindano ya jioni ni saa ngapi?
Nije mimi, wewe ukalale."

Leo umenikazia macho muda mrefu.
"Uko mmoja," umesema.
Kisha: "Hata mmoja ni kelele."

Saa tatu tumemeza, taa ya wodi ikiwaka,
mgonjwa wa kitanda cha pili akitutazama.
Nje mvua inapiga bati.
Mtaro wa kumi na nane sijaugusa wiki mbili,
na simu ya msimamizi inaita.
Acha iite.