Miguu Mitatu

"Zipime," akasema Zulfa wa duka la Mwembe Tayari,
akazilaza juu ya kaunta:
stendi za alumini, nyepesi kama mianzi,
na za chuma, ambazo hata kuziinua
wasema bismillahi.

Nikapanua miguu, nikakaza skrubu,
nikauliza pini iko wapi.
Ile yangu ya zamani haikuwa na pini,
na kule Kisauni, uwanja wa mchanga,
spika iliinama taratibu, kama anayesalimia,
ikajilaza juu ya sinia la pilau
mbele ya Bi Mwanakombo, shangaziye bwana harusi.
Badala ya kunilipa, alinidai pilau.

Za alumini zaingia tuktuk,
zapanda ngazi za Kibokoni kwa mkono mmoja,
wa pili washika waya.
Za chuma zataka kijana wa kubeba,
na kijana ataka mia mbili, na chai.

Zulfa akaisukuma ya alumini kwa kidole.
Ikatikisika.
Akaisukuma ya chuma.
Kidole kikarudi.

Nikahesabu noti, polepole.
Ewe mgongo, nisamehe:
Jumamosi kuna harusi tena,
na mpishi ni Bi Mwanakombo.