Kwa Taya

Kadutu, saa nne asubuhi. Umeme umekatika tangu juzi
na Papa Kahasha ananiuzia sauti nisiyoweza kuisikia.
"Mama, hii besi iko ya Ulaya, ilipitia Bujumbura,
walikuwa wanaipigia kanisani tu, haijui vumbi."
Vumbi limejaa mpaka chini ya nyuzi,
limekaa kama lenye hati ya kiwanja.

Bei ya kwanza: mia na themanini.
Nacheka. Anacheka. Tumeshasalimiana.

Naiinua. Nyepesi kuliko gunia la makala,
nzito kuliko mtoto wa dada yangu akisinzia.
Nafumba jicho moja, nachungulia shingo
toka kichwani hadi kiunoni
kama seremala anayeukagua mwimo wa mlango.
Imepinda, si sana.
Kuna chuma ndani, kitakazwa robo mzunguko;
Zihindula atanifanyia kwa bia moja.

Nabonyeza uzi mnene, pingili kwa pingili.
Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne: sawa.
Ya tano inakohoa.
Narudia. Inakohoa tena,
kikohozi kikavu cha mjomba anayetaka kusema jambo matangani.
Sisemi kitu. Nalitia akibani.

Funguo: tatu zinashika, moja inateleza.
Kitundu cha waya kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Jina la kiwanda limekwanguliwa kwa wembe,
juu yake kibandiko chenye jina kubwa zaidi,
herufi moja imekosewa.

"Na bila umeme utaijua namna gani?"

Hapo nainama,
naweka taya langu juu ya pembe ya mbao.
Wauza ndala wanageuka. Kijana wa maji ya pakiti anasimama,
beseni kichwani.
Navuta.
Mbao inanipitia mfupani,
kwanza menoni, halafu nyuma ya sikio,
halafu pahali fulani chini ya koo nisipopajua jina.
Ndefu. Inakaa. Haina haraka ya kufa.
Baba alinifundisha hivi, zile siku za kukodi besi ya watu kwa saa:
alisema spika inaweza kukupamba,
taya halina adabu hiyo.

"Themanini," nasema, nikijifuta shavu.
"Mia na thelathini, na najiumiza."
Tuliumizana mpaka mia na tano,
mvua ikijikusanya upande wa ziwa.

Sasa zamu yake ya kufumba jicho.
Anainua noti zangu moja moja mwangani,
anazinusa, anapitisha ukucha pembeni,
taratibu, kama aliyefundishwa na baba yake.
"Hii ya makumi mbili imepasuka."
Ufa mdogo, urefu wa ukope mmoja.
"Benki hawaitaki. Na mimi vilevile."

"Na pingili ya tano?"

Kimya. Kijana wa maji hajaondoka bado.

"Pingili ya tano iko na nini?"
"Iko na kile ambacho noti hii iko nacho."

Alinitazama muda wa kutosha kupika chai.
Kisha akaikunja noti, ufa ukabaki ndani,
akaitia katikati ya zenzake.
Jioni ataipitisha kwa mtu mwingine, najua.
Na mimi Jumapili nitaipitisha yangu
mbele ya kwaya nzima ya Mama Ntakwinja,
nikiiruka ile pingili
kama tunavyoruka mashimo ya njia yetu gizani:
hutazami chini, mguu wenyewe unajua.

Nilipanda kilima nimeifunika kwa koti langu, mimi nikilowa.

Umeme ulirudi saa nane usiku,
ukakaa dakika kumi na moja.
Niliutumia kuchaji simu.
Besi nilikuwa nimeshaisikia.