Herufi A Iko Ng'ambo

Simu aliileta kaka Chilumba kutoka Dar,
pana kama kibao cha kukatia mboga.
"Dada, hii ndiyo simu,
achana na hicho kipande chako cha sabuni."
Yeye ana mkono wa baba,
akishika jembe mpini unapotea.
Mimi nimerithi wa bibi Asumini,
mkono wa kubangua,
unaoitoa korosho gandani ikiwa nzima,
na nzima, hapa Newala, ina bei yake.

Simu haijali punje.
Kwanza, haikijui kidole changu:
mafuta ya maganda yameshakula alama zake.
Naminya, inatetemeka, inasema jaribu tena
kama karani wa chama siku ya malipo.
Halafu mkono wa kushoto si wangu,
ni wa Fadina, miezi saba, mzito kama debe.
Linabaki gumba moja la kulia,
fupi, lenye kovu,
linaloanzia kwenye P
na likijikaza sana linaishia kwenye Y.

A iko ng'ambo kule.
Sijui nani aliyepanga,
A, tunayoitia kila neno kama chumvi,
akaitenga pembeni kama mkwe.

Usiku ule mama alipozidiwa,
benchi la hospitali, ukungu ukiingia dirishani,
mtoto begani, nikaandika:
"Mm yuko hoi. Njoo."
Nikashangaa ilivyokuwa rahisi.
"Yuko hoi" lote liko upande wangu.
"Njoo" liko upande wangu.
Hata "kilio", herufi zake zote
zimelala chini ya gumba kama vifaranga.

Alfajiri homa ikashuka.
Mama akaomba uji,
akalalamika hauna sukari,
nikajua amerudi.
Nikataka kuandika "salama".
Nikanyoosha gumba, simu ikayumba,
ikanigonga kidevu, Fadina akacheka,
nikabonyeza hewa.
Ikaenda: "Lm."

Chilumba alishapanda basi.
Akafika jioni, macho mekundu,
kwapani bafta jeupe la sanda,
akamkuta marehemu wake anachambua kunde.
"Lm ndiyo nini?" akanifokea.
Mama akalipapasa lile bafta,
akauliza bei,
akasema wamekuibia.

Sikujibu. Nikakiweka kiganja changu juu ya chake.
Ncha za vidole vyangu
zikaishia kwenye kiungo chake cha pili.
Akaangalia kwa muda,
kisha akaangalia pembeni,
kama mtu aliyemnunulia mwenzake viatu
bila kumuuliza namba.

Nandonde, mtoto wa jirani, ndiye aliyesema
kwani hamjui? Shikilia hapa.
Herufi zikajibana zote kulia
kama wafiwa wakimpisha mgeni mkekani.
Kushoto pakabaki peupe.
Gumba likaenda, likarudi, halikuamini.
Nikaandika A.
Nikaandika nyingine, na nyingine,
mstari mzima, mpaka Fadina akataka kuilamba.

Mfukoni mwa kaka, hatua mbili kutoka nilipo,
simu ikalia.
Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.
"Na hii sasa ndiyo nini?"