Irabu Tano

Mtaalamu wa masikio alichora mstari kwenye karatasi,
ukaanzia juu, ukateremka
kama mtaa wetu wa Walkley siku ya barafu.
Akasema: hapa ndipo sauti zinapomwishia.
Khatibu aliuliza vifaa vinapatikana lini.
Mimi niliuliza choo kiko wapi.
Nikalia humo, bomba nimelifungulia,
ili asinisikie. Nani?

Bi Mize, mama mkwe, kwenye simu kutoka Wete,
aliteleza siku moja: Asiyesikia la mkuu...
akaumeza mwisho.
Guu likabaki zima.

Nikamwambia: Mama, Shaame anasikia.
Anasikia njaa akitoka shule,
anasikia baridi, anasikia harufu ya iliki
kabla sijafunua sufuria,
anaisikia tramu kwa nyayo
kabla haijapinda kona.
Neno letu ni pana, Mama.
Tumekuwa tukiliingia kwa upenu mmoja tu.

Jumanne jioni, ukumbi wa kanisa, Sheffield inanyesha.
Mwalimu Glenys, kiziwi tangu kuzaliwa,
alinishika mkono wa kushoto, akanionyesha:
gumba ni A,
cha shahada E,
cha kati I, cha pete O,
kidogo cha mwisho U.
Niliutazama mkono wangu kama wa mtu mwingine.
Irabu zetu tano, bila kuzidi wala kupungua,
miaka yote hiyo zimekaa hapo
zikichambua mchele.

Shuleni walinishauri: mpe lugha moja, usimchanganye.
Nikaitikia kwa kichwa.
Nikarudi nyumbani nikamchanganya.

Siandiki haya kujisifu.
Kuna Jumapili. Kuna pilau, wageni kutoka Rotherham,
midomo sita inatafuna na kusema kwa pamoja,
na yeye katikati anageuza shingo huku na huku
kama anayetazama mpira usioonekana.
Tunacheka. Ananivuta mkono: Nini?
Namwambia, Baadaye.
Ikifika hiyo baadaye nimeshasahau kilichochekesha.
Zawena, dada yake, miaka sita,
ndiye humtafsiria, vidole vinang'aa mafuta,
na huongeza uongo wake mwenyewe.

Jana umeme ulikatika mtaa mzima.
Lugha yetu ikazimika pamoja na taa.
Nikapapasa kitandani, nikaupata mkono wake wa kushoto,
nikaandika juu yake, lala:
kiganja, gumba,
kiganja, gumba.

Kimya. (Neno hili sijui tena lina maana gani.)

Kisha akautafuta wangu,
akaukunjua kama karatasi iliyofinyangwa,
akaanza, herufi moja moja, bila haraka,
gumba, gumba tena, mara ya tatu gumba,
mimi nikihesabu gizani kama mtoto wa darasa la kwanza,
hadi akatua kwenye kidole changu cha shahada
na kukiacha hapo:

Baadaye.