Buti za Kiwandani

Filamu yenyewe tuliitazama mara kumi na moja
kwenye kompyuta ya Nandwa, iliyopasuka kioo pembeni,
hivi kwamba kila mchezaji akifika kushoto
alikatika kiuno, akaungana tena, akaendelea.
Vijana weusi wa chuo cha ng'ambo,
rangi moja kifuani, jina moja,
wanapiga paja, kiganja, kisigino, sakafu.
"Hawana ngoma," Nandwa akasema. "Ngoma ni wao."
Tukanyamaza, watu sita juu ya vitanda viwili,
na mvua ya Kakamega ikipiga mabati bila mpangilio.

Undugu wetu tukauita Bweni la Nane
kwa kuwa bweni la nane halikujengwa.
Msingi tu upo, nyuma ya jikoni,
saruji iliyootwa na magugu nyufani.
Hapo ndipo tulipokanyagia.
Kuingia ilikuwa hivi: uwapigie pasi wakubwa wiki mbili,
kisha usimame usiku kucha juu ya saruji,
usiketi, usiulize saa,
na ukiulizwa u nani, ujibu kwa miguu.

Nilisimama. Umande ukanipanda hadi magotini.
Saa tisa Olum akaja na tochi.
"Wewe ni nani?"
Nikapiga kulia mara mbili, kushoto mara moja.
Sijui nilikoitoa.
Akacheka. "Hiyo ni hodi. Nimekuuliza jina."

Lakini raba zangu zilisema pwata, pwata,
kama mtu anayetafuna mdomo wazi.
Nikaenda nyumbani Mumias,
nikatoa uvunguni buti za baba:
chuma puani, grisi ya mashine imeganda kwenye nyuzi.
Kiwanda kilipofungwa aliziweka huko
zikitazama ukuta.
Hakuuliza za nini.
"Ya kushoto inabana," alisema. "Utazoea."
Kwa baba, mwaka ule, hiyo ilikuwa hotuba.

Kisumu. Ukumbi una joto la sufuria iliyofunikwa.
Vyuo tisa, na wengine wamekuja na moshi wa mashine,
kofia zinazofanana, msichana wa kupeperusha bendera.
Sisi tuna suruali nyeusi na hesabu ya Olum:
moja, mbili, kimya, nne.
Tatu hatuipigi. Tatu ni ya Wekulo,
aliyerudishwa Webuye kwa karo;
nafasi yake mstari wa pili tumeiacha
kama pengo la jino, na ulimi haukomi kwenda pale.

Tukaanza vizuri. Paja, kiganja, kisigino.
Kisha Nandwa akawahi nusu pumzi,
Olum akamfuata ili asimwache peke yake,
na hesabu yote ikamwagika kama dengu sakafuni.
Watu mia nne wanatungoja.
Mtu nyuma akapiga mluzi.

Miguu yangu haikuniomba ruhusa.
Kulia, kulia. Kushoto.
Chuma kwenye mbao.
Kulia, kulia. Kushoto.
Nami nikaona kizingiti chetu, saa kumi na mbili asubuhi,
baba ametoka zamu ya usiku ananuka molasi,
anakung'uta matope kabla ya kuingia,
kulia, kulia, kushoto,
na mama, kabla hajageuka, anaongeza maji kwenye birika.
Miaka kumi na minne hakubisha mlango kwa mkono.

Olum aliisikia. Akaidaka.
Kisha Nandwa, kisha wote watano,
hodi nzito kwenye mlango ambao haukuwepo,
na pale kwenye pengo la Wekulo
sakafu ikatetemeka yenyewe, au niliona hivyo.

Tulikuwa wa sita kati ya tisa.
Cheti kimoja, soda moja moja.

Jumapili nikarudisha buti.
Baba akazigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye soli.
"Ya kulia imekwisha," akasema.
Akanitazama, kisha akatazama mlango.
"Ulikuwa unagonga wapi?"