Kitako

Mezani pana mfuko wa maduara,
arobaini na nane, plastiki nyeusi,
milimita ishirini na tano kila moja.
Gethin kanihesabia mara mbili, kana kwamba ni dawa.
Nje, Llanelli inanyeshewa kama kawaida yake,
mvua isiyo na haraka, ya kibarua aliyekwishalipwa.

"Kata," anasema. "Kanuni mpya zinataka duara.
Msimu huu ukumbi wa kanisa hautaki pembe."
Ana koleo mkononi na chai yangu mbele yake.

Mimi nina wapiga mikuki wa baba.
Watu wa risasi, urefu wa pingili ya kidole gumba.
Risasi ni neno lenye masihara:
inayoua na inayoumbwa, jina moja.
Baba, Idwal, aliwasimamisha juu ya bati
alilotoka nalo kiwandani ndani ya soksi,
akalikata miraba kwa mkasi wa zamu ya usiku.
Hakuna mraba hata mmoja ulio mraba.
Panga kumi na wawili bega kwa bega
na safu inapinda kama barabara ya Felinfoel,
wa mwisho akiutazama ukuta, si adui.
Na zile pembe zinachoma. Katika vita vyote vile
aliyetoka damu ni mimi tu.

Gethin ana hoja, simkatalii.
Mraba una mbele, una ubavu, una mgongo,
na mwenye mgongo hupigwa mgongoni.
Duara halina mgongo. Kokote ugeukako ni mbele.
Askari wa duara hupenya mlango wa zizi,
huzunguka mti, huupanda mlima wa vitabu,
haombi ruhusa kwa wa kulia kwake.
Lakini sogeza maduara mawili hadi yabusiane:
yanagusana kwa nukta moja, basi,
na kando ya nukta hiyo hubaki upenyo
ambao mkuki huupita bila kupiga hodi.

"Kuna sinia," anasema, "lenye matundu,
na sumaku chini. Unawapanga kama mayai.
Wakitaka umoja, haya. Wakitaka kutawanyika, nyanyua."
Kuna na pembe sita, kama masega ya nyuki.
Kuna umbo la yai, kwa ajili ya farasi.
Ninasikiliza kama mfiwa anayeonyeshwa majeneza.

Naanza na wa pembeni, yule mwenye shingo upande.
Koleo linauma, gundi ya miaka inalia kama karanga,
bati linadondoka kichalichali.
Chini yake, kwa ncha ya msumari, kwa Kiwelisi,
mwandiko wa baba:
*Alikimbia. Machi 1974.*

Gethin anacheka hadi chai inamwagika.
Tunawapindua wote.
*Alisimama.*
*Alisimama.*
*Alikufa kwa uzembe wangu.*
*Alisimama, ingawa dadu ilitoa moja.*
*Paka.*
Kumbe jeshi zima lilikuwa daftari la mahudhurio
la mtu aliyenisemesha maneno manne kwa siku,
mawili yakiwa ni kuhusu chumvi.

"Haya, kata," anasema Gethin,
lakini koleo ameshaliweka.

Nimembandika mmoja tu, yule wa Machi.
Nimempa duara. Humo, kukimbia
ni kwenda mbele kwa upande mwingine.
Wale arobaini na saba wamekaa kitako
juu ya kile walichokatiwa,
wamepinda, wanachoma,
hawaruhusiwi ukumbini Alhamisi.

Maduara yaliyobaki kayachukua Mabli, mjukuu.
Ana duka chini ya meza.
Jana alikuja kunilipa saba
kwa ajili ya yule mtoro.
Nikamwambia hauzwi.
Akanitazama, akaongeza la nane.