Taa ya Kupimia

Durham, Novemba. Wiki ya tatu sijaona nyota.
Mvua inalowesha kanisa kuu na mto ulio chini yake,
nami nasoma mbingu za watu wengine,
picha za darubini iliyo jangwani Chile
zinazonifikia jikoni kwa waya.

Kazi yangu ni kutoa.
Nachukua anga la jana usiku,
naondoa anga la mwezi uliopita,
galaksi kwa galaksi, doa kwa doa,
hadi kinachobaki ni kiza kitupu
na makosa ya kamera.
Mara nyingi huwa hivyo: kiza, makosa, chai iliyopoa.

Leo, saa nane na robo, kimebaki kitone.

Bi Hilda Ramshaw, mwenye nyumba, naye halali.
"Umepata nini?"
"Maiti. Ya nyota."
Akacheka, akavuta kiti.

Nikamwonyesha dirishani taa za barabarani
zinazopanda mlima wa Gilesgate,
balbu za halmashauri, zote za aina moja.
Ya mlangoni inaumiza macho,
ya kileleni ni punje ya mtama,
wala hakuna aliyeipunguza.
Ukijua taa inavyowaka kwao,
ukapima inavyokufikia wewe,
umejua umbali na hujavaa hata kiatu.

Huko juu hakuna halmashauri.
Ila kuna nyota mfu, ndogo kama dunia, nzito kama jua,
inayomnyonya mwenzake tone kwa tone
mpaka uzito ule ule unaowashinda wote wa kabila lake,
kisha
inapasuka.
Hazilingani sawasawa. Zing'aazo zaidi huchelewa kufifia,
na hilo tunalisahihisha.

Bi Hilda akainuka, akarudi na taa ya babake:
shaba, kioo, wavu wa waya,
imeshuka naye mgodini miaka thelathini na moja.
"Unadhani ilikuwa ya kumulikia tu?
Mwali ukivaa kofia ya buluu, kuna gesi.
Urefu wa kofia ndio uliowaambia
wabaki au wakimbie."

Nikanyamaza. Sikuwa wa kwanza kupima kwa taa
katika nyumba hii.

"Na vumbi je?" akauliza.
Swali la maprofesa, limeulizwa na kanzu ya kulalia.
Vumbi hufifisha, nikakiri, huweza kutudanganya,
lakini hula buluu kwanza, likabakiza wekundu,
kwa hiyo tunapima rangi moja baada ya nyingine,
tunalikamata kwa ulafi wake.
"Baba hakulikamata," alisema.
"Lilimkamata yeye."

Mwanga huu uliondoka kabla dunia haijapata jicho.
Njia imetanuka chini ya miguu yake
nao umetanuka pamoja na njia,
umefika mwekundu kuliko ulivyoaga.
Na umefika hafifu. Hafifu mno.
Nyota iko mbali kuliko inavyoruhusiwa
na ulimwengu unaochoka.

Maana wote walidhani unachoka:
kilichorushwa hupunguza mwendo.
Polepole ndio mwendo, nililelewa hivyo,
lakini mbingu hazikulelewa na bibi yangu.
Zinaachana, na kila zikiachana
zinazidi kukimbia.

"Nini kinazisukuma?"
"Hatujui. Tumekipa jina."
"Kama daktari na kifua cha baba," akasema,
akafunga mkanda wa kanzu, akaenda kulala.

Nikaandika umbali.
Mbele yake nikaandika: kujumlisha au kutoa, asilimia saba.
Hiyo saba ndiyo sehemu ninayoiamini zaidi.

Taa ameiacha mezani.
Nikaijaribu skrubu ya utambi, kwa kidole kimoja,
nikitarajia kutu.
Bado inazunguka.